Ekzosi ya wazi kwenye pikipiki ya mipigo minne: nguvu inaongezeka au ni mlio tu?

Mkazi wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya cc 150, injini ya mipigo minne yenye kabureta, ambayo huitumia kwenda kazini mjini na siku za mapumziko kubebea mizigo. Hivi karibuni fundi mmoja aliniondolea ekzosi ya kiwandani akanifungia ya wazi, yaani bomba jipya kuanzia kwenye kichwa cha silinda na kopo fupi lenye bomba la matundu ndani yake, akinihakikishia kwamba injini sasa "itapumua" na nguvu itaongezeka.

Kwenye tambarare, nikiwa gia ya mwisho, inakwenda vizuri na sina malalamiko. Hata hivyo, nikipanda vilima vya Goba na abiria nalazimika kushusha gia mapema kuliko zamani, nikiachia mafuta ekzosi inapiga milipuko midogo midogo, bomba la mbele limegeuka bluu, na petroli inaisha haraka. Je, haya yote yana chanzo kimoja au kila moja lina chanzo chake? Naomba maelezo ya kitaalamu, si ya kunisifia mlio.

#2 Kijana wa Sinza

Mkuu, mlio lazima usifiwe, kwa sababu ndio uliolipia. Kuhusu kilima, jibu ni fupi: umeondoa presha ya kurudi nyuma, yaani kule moshi kubanwa kidogo unapotoka, na injini ya mipigo minne bila presha hiyo haivuti.

#3 Fundi wa Gerezani

Naunga mkono #2, ila niongeze ya karakana. Nimefungua injini nyingi ambazo wenyewe walitoa mabati ya ndani ya kopo au walikata bomba likabaki kipande kifupi chini ya injini, na mara kwa mara nimekuta vali ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Kiwanda hakikuweka vyumba vitatu ndani ya kopo kwa kupenda kutumia bati. Presha inayorudi huzuia mchanganyiko wa hewa na petroli usitoke ukiwa haujaungua, na ukiiondoa, sehemu ya petroli uliyonunua inatokea nyuma. Ndiyo maana ndugu yetu analalamikia kilima na matumizi ya mafuta kwa pamoja.

#4 Msomi wa Mitambo

Kwa heshima zote kwa Fundi, ninakubali anachokiona karakana lakini sikubali maelezo yake. Hakuna injini ya mipigo minne inayofaidika na presha ya kurudi kwa maana ya kizuizi. Pistoni inapopanda kusukuma moshi nje, kizuizi chochote kinaipa kazi ya ziada, na kazi hiyo inatolewa kwenye nguvu ambayo ingeenda kwenye tairi.

Kinachosaidia ni mawimbi. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, hurudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la mvuto. Likifika kwenye vali katika ule muda mfupi ambao vali zote mbili ziko wazi, linavuta mabaki ya moshi kutoka kwenye silinda na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Likiwahi au likichelewa, faida hiyo inapotea.

Tufanye hesabu ndogo. Kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8. Tangu vali ya moshi ifunguke hadi vali zote mbili ziwe wazi ni takriban nyuzi 240 za mzunguko wa injini, yaani milisekunde 5.3 hivi. Sauti ndani ya moshi wa moto husafiri karibu mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 2.7, na bomba linalofaa lina urefu wa takriban mita 1.3. Kwa mizunguko 5,000, ambayo ndiyo unayoitumia kupanda Goba na abiria, bomba linalofaa linakaribia mita 2. Kila unapofupisha bomba, unaisogeza faida kwenda kwenye mizunguko ya juu ambayo pikipiki ya mizigo haifiki isipokuwa umeinyanyasa. Ndugu Mkazi wa Goba, bomba jipya ni fupi kuliko la zamani?

#5 Mkazi wa Goba

Ahsante, mkuu. Ni fupi kidogo na ni pana zaidi. Fundi alisema upana ndio siri.

#6 Fundi wa Gerezani

Msomi, bomba la mita 2 kwenye pikipiki litapita wapi, tulizungushe kwenye kiti cha abiria? Hesabu ya karatasini ni nzuri, lakini pikipiki zote zinazotoka kiwandani zina bomba la mbele lisilofika hata mita moja na zinapanda Pugu hadi Kisarawe na gunia la mkaa nyuma.

#7 Msomi wa Mitambo

Fundi, hapo umenishika pazuri, na ndiyo maana viwanda hutafuta njia za pembeni. Bajaj wa India waliwahi kuweka kopo dogo lililofungwa upande mmoja kwenye bomba la mbele, karibu na injini, katika baadhi ya pikipiki zao, wakaliita ExhausTEC, na kazi yake waliyoieleza ni kuongeza mvuto kwenye mizunguko ya chini. Mafundi wengi wa mitaani hulikata wakidhani ni pambo au mahali pa kuhifadhi taka. Vyumba vya ndani ya kopo kubwa pia hurudisha mawimbi yao. Ukiweka kopo la matundu lililonyooka, yote hayo yanaondoka kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu upana, moshi ni ule ule, kwa hiyo bomba likiwa pana mno kasi yake inapungua. Ni sawa na Mto Msimbazi unapofika bonde la Jangwani: maji hayajapungua, yametanuka tu na mwendo umekufa.

#8 Dereva wa Usiku

Na Jangwani mvua ikinyesha hata daladala hazipiti, kwa hiyo mfano umekaa.

#9 Aliyeko Edmonton

Habari za nyumbani. Niliishi Tabata kabla ya kuja Kanada, na huku nafanya kazi kwenye gereji inayotengeneza pikipiki za theluji, zile zinazotembea kwa mkanda nyuma na vibao vya kutelezea mbele. Mjadala huu huku ni wa kila msimu, kwa hiyo niongeze machache.

Zamani karibu pikipiki zote za theluji zilikuwa za mipigo miwili, na kwenye mipigo miwili ekzosi ni sehemu ya injini kabisa, kwa sababu wimbi linalorudi ndilo linalosukuma mchanganyiko uliotoroka uingie tena kwenye silinda. Maelezo ya Fundi katika #3 yanaihusu injini ya aina hiyo zaidi kuliko ya mipigo minne. Yamaha walipotoa RX-1 ya mwaka 2003, yenye injini ya silinda nne iliyotokana na pikipiki yao ya R1, watu walikuja na mazoea ya mipigo miwili, wakawa wanabadilisha makopo wakitarajia mabadiliko makubwa. Walichopata zaidi ni uzito kupungua na mlio kuongezeka.

Mwaka 2011 Yamaha hao hao waliweka kwenye Apex, mrithi wa RX-1, vali ndani ya ekzosi inayoitwa EXUP, ambayo tayari walikuwa wakiitumia kwenye pikipiki za barabarani tangu miaka ya 1980. Vali hiyo hubana njia mizunguko ikiwa chini na kuifungua ikiwa juu. Sasa hapo kila upande unaweza kudai umeshinda: Fundi atasema kubana kunasaidia, na Msomi atasema kinachofanyika ni kuyavuruga mawimbi yanayorudi wakati mbaya.

Tofauti moja kubwa na bodaboda ni kwamba pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha. Ina mkanda na puli zinazojirekebisha, kwa hiyo injini inaachwa ipande hadi mizunguko yake bora na kubaki hapo. Ukisogeza nguvu kwenda juu, unarekebisha uzito wa puli na mambo yanaendelea. Pikipiki ya Goba haina msaada huo, kwani inabidi ivute tangu chini, gia kwa gia.

#10 Kijana wa Sinza

Kaka wa Edmonton, tunashukuru, ila hapa Dar theluji tunaiona kwenye friji la samaki tu.

#11 Binti Gereji

Mimi ni fundi wa kabureta Ilala, na ninashangaa tumefika post ya kumi na moja bila mtu kuuliza kama jeti, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli, ilibadilishwa. Mnajadili mawimbi wakati injini huenda ina njaa.

Kabureta ya kiwandani imepangwa kwa ekzosi ya kiwandani na chujio la hewa la kiwandani. Ukirahisisha njia ya moshi, hewa inayopita huongezeka kwenye baadhi ya mizunguko, na petroli haifuati kwa uwiano ule ule, hasa ikiwa fundi alitoboa na boksi la chujio. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, ambao huungua polepole na kuendelea kuungua hadi kwenye bomba. Dalili zake ndizo hizi: mvuto hafifu ukifungua mafuta nusu, milipuko ukiyaachia, na joto kwenye bomba. Na vali zilizoungua alizozitaja Fundi ninaweza kuzieleza kwa njia hiyo hiyo, bila kuihusisha presha ya kurudi.

Ndugu, fanya hivi kabla ya kununua chochote. Panda kilima ukiwa umefungua mafuta yote, kisha kwa pamoja kamata klachi na uzime injini, usiiache inguruma ikiwa imesimama. Ukifika pembeni fungua plagi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, jeti kuu ni ndogo. Ikiwa na rangi ya udongo, iko sawa. Ikiwa nyeusi na kavu yenye masizi, mafuta ni mengi. Halafu njoo utuambie.

#12 Mwalimu wa Kibamba

Binti Gereji, nina swali moja kwako. Kama petroli inayoingia ni kidogo, kwa nini anasema petroli inaisha haraka?

#13 Binti Gereji

Swali zuri. Kwa sababu injini isiyovuta inafunguliwa zaidi. Anatumia gia ya chini na mkono umefungua hadi mwisho mahali ambapo zamani alitumia nusu.

#14 Dereva wa Usiku

Mimi nina sababu nyingine, na haihitaji fizikia. Ukifunga ekzosi yenye mlio, mkono wenyewe unazunguka. Nimewahi kuwa nayo, na kila nikipita chini ya daraja nilikuwa nafungua mafuta ili nisikie inavyojibu. Petroli haikwenda kwenye mawimbi wala kwenye jeti, ilikwenda masikioni. Hata hiyo kasi ya tambarare ninaitilia shaka, kwa kuwa kelele ikiongezeka, kilomita 70 kwa saa inaonekana kama 90.

#15 Mama Tabata

Samahani kwa kuingilia mambo ya mafundi, lakini Dereva wa Usiku ametaja jina lake na kosa lake katika sentensi moja. Hapa mtaani kwetu wanapita saa nane usiku, na mtoto akiamka halali tena. Mnaposema "mlio", sisi tunaosikia tukiwa kitandani tuna jina lingine.

#16 Afisa Mstaafu

Mama Tabata ana haki, na si haki ya kuombea huruma. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Halafu watu wafahamu kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Pikipiki mbili zenye kelele sawa hazitoi namba maradufu, zinaongeza desibeli 3 tu. Lakini ongezeko la desibeli 10 husikika na sikio kama kelele iliyokaribia kuwa maradufu. Kwa wanaofanya kazi, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama unapungua kwa nusu. Dereva mwenyewe ndiye anayekaa karibu zaidi na kopo hilo kutwa nzima.

#17 Kijana wa Sinza

Afisa, mlio huo huo unaokoa maisha, kwa sababu dereva wa lori anakusikia kabla hajakuona.

#18 Aliyeko Edmonton

Kijana, ekzosi inaelekea nyuma. Lori linalokuja kukuziba liko mbele, madirisha yamefungwa na redio inaimba. Anayekusikia vizuri ni yule uliyekwisha kumpita. Kwa ajili ya lori kuna honi na taa.

Nirudi kwenye hoja ya #11. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina uzito unaozidi ile ya nyuzi 30 za Dar kwa takriban asilimia 20 kwa ujazo ule ule, kwa hiyo huku jeti inayofaa mwezi wa Januari haifai kabisa majira ya joto. Dar ni joto na ni usawa wa bahari, hali haibadilikibadiliki, kwa hiyo ukipata jeti sahihi mara moja umemaliza.

#19 Mnyakyusa wa Mbagala

Ila akienda nayo Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa inakuwa nyepesi na jeti ile ile inakuwa kubwa. Binamu yangu alinunua pikipiki Dar yenye ekzosi ya wazi na haijawahi kupiga hata mlipuko mmoja tangu ifike kule, wala hakugusa kabureta. Hilo linampa nguvu Binti Gereji.

#20 Fundi wa Gerezani

Linampa nguvu kwa upande wa milipuko tu. Kwa kuwa mmenikalia kitako juu ya presha, sasa niwaletee jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kati ya bomba na kichwa cha silinda kuna pete ya shaba, ambayo hujibana mara moja tu. Ukilegeza bomba, pete hiyo inatakiwa kutupwa na kuwekwa mpya. Mafundi wengi wa haraka huirudisha ile ile, au huweka silikoni. Ukiachia mafuta, ndani ya bomba kunakuwa na mvuto wa vipindi, hewa safi inaingia kupitia upenyo huo, inakutana na petroli ambayo haikuungua, na kunatokea mlipuko. Weka maji ya sabuni kwenye kiungo injini ikiwa baridi, iwashe, mwenzako azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kwa muda mfupi, na uangalie mapovu yanatoka wapi.

Na rangi ya bluu, Binti Gereji asikimbilie joto la mchanganyiko. Mabomba mengi ya kiwandani ni ya kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati kuna nafasi ya hewa. Ukuta wa nje haupati joto la kutosha kubadilika rangi. Bomba la kuchomelea la ukuta mmoja litageuka bluu hata kama kabureta imepangwa na malaika. Na kuhusu bomba jipya ambalo ndugu yetu aliliona ni "pana zaidi", la zamani huenda lilikuwa jembamba ndani kuliko lilivyoonekana nje.

#21 Msomi wa Mitambo

Hapo kwenye kuta mbili nakubaliana nawe kabisa, na nimejifunza jambo la kuuliza kwanza siku nyingine. Lakini likiwa lilikuwa jembamba zaidi ndani, basi tofauti ya upana ni kubwa kuliko tulivyodhani, na hoja yangu ya kasi ya moshi inapata uzito, haipungui.

#22 Binti Gereji

Na yangu ya hewa kuzidi pia haijapungua.

#23 Mwalimu wa Kibamba

Kwa hiyo kila mtu ameshinda isipokuwa mwenye pikipiki.

Nitoke kidogo kwenye mstari, ila bado ni ekzosi. Kopo langu la kiwandani lina tundu dogo sana chini, na fundi wa jirani ameniambia ni kutu imeanza, anataka kulichomelea. Nimkubalie?

#24 Fundi wa Gerezani

Usikubali, Mwalimu. Likiwa duara safi, tundu hilo limewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo kwa kawaida hutoka kama mvuke. Ukiwa na safari fupi fupi, tuseme nyumbani hadi sokoni, kopo halipati joto la kuyafukuza, yanabaki ndani na kulila bati. Ukiziba tundu, kopo litaoza kuanzia ndani wewe ukiwa unaling'arisha nje. Kwa wanaokaa Kigamboni karibu na bahari, nje nako kunaoza, wao wamebanwa pande zote.

Jambo jingine la hayo makopo ya matundu: ndani huwekwa pamba ya nyuzi za kioo inayomeza sauti. Pamba ile ikishaungua na kupeperuka, kelele inaongezeka. Nimewaona wanaojaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Zinaungua, zinavunjika, na zinatoka nyuma kama cheche.

#25 Mkazi wa Goba

Wakuu, nashukuru wote. Nimefungua plagi kama alivyoelekeza Binti Gereji. Ina rangi ya udongo upande mmoja na imefifia kuwa nyeupe upande wa pili. Maji ya sabuni nayo yametoa mapovu, lakini machache sana. Chujio la hewa halijaguswa. Ekzosi ya zamani bado ninayo.

#26 Binti Gereji

Nyeupe upande mmoja, basi jeti ipande namba moja. Nilisema.

#27 Fundi wa Gerezani

Mapovu, basi pete. Nilisema.

#28 Msomi wa Mitambo

Hakuna kati ya hayo mawili linaloeleza kwa nini tambarare inakwenda vizuri na kilima hakipandi. Jeti ndogo ingeonekana zaidi akiwa amefungua mafuta yote kwenye kasi kubwa. Ninachopendekeza ni kipimo: chagua barabara moja iliyonyooka yenye magari machache, gia moja, abiria yule yule, halafu mtu apime kwa saa muda wa kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa saa, kwenda na kurudi ili upepo usidanganye. Fanya hivyo na ekzosi mpya, kisha na ya zamani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiweka jeti, pete na bomba la zamani kwa siku moja, hatutajua kilichoponya.

#29 Dereva wa Usiku

Na apime petroli akiwa ameziba masikio.

#30 Fundi wa Gerezani

Mkazi wa Goba, tuanze na pete kwa kuwa ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote. Ukija Gerezani njoo na ekzosi zote mbili, na uje asubuhi pikipiki ipoe, maana kulegeza boliti za kichwa cha silinda kikiwa cha moto ndiko kunakokata nyuzi zake, halafu tutafungua uzi mwingine.